Mpiga kinanda wetu ni hodari lakini hategemeki: tumfanyeje?

Kiongozi wa Kikundi, Kibokoni

Assalaam aleikum ndugu zangu. Ninaongoza kikundi cha taarab cha watu tisa hapa Mji wa Kale, Mombasa, na ninaomba ushauri wa wale waliowahi kuongoza kikundi au kupiga ndani ya kikundi, kwa sababu jambo hili limeninyima usingizi na sitaki kuliamua nikiwa na hasira.

Tuna mpiga kinanda ambaye kwa ufundi sijaona wa kumlinganisha naye miongoni mwa vijana wa rika lake. Mwimbaji akipanda jukwaani na mafua, yeye huisikia ile sauti ikikwama na kuishusha ya kinanda hapo hapo, bila kuambiwa wala kukatiza wimbo. Midundo yetu yote ameitengeneza yeye na imo ndani ya kinanda chake. Kwa hivyo asipokuwepo hatukosi kinanda peke yake. Tunakosa pia mapigo ambayo waimbaji wamezoea kuingilia, na tunabaki na tabla, dumbaki na fidla, tukipiga nyimbo ambazo hatujazifanyia mazoezi kwa namna hiyo.

Tangu Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, hadi mwezi wa sita alikuwa mtu wa kupigiwa mfano. Kuanzia mwezi wa saba amebadilika. Mazoezi yetu huwa Jumanne na Alhamisi baada ya Isha, na katika mwezi mzima wa nane alihudhuria mara mbili tu. Kisha ikaja harusi ya Majengo. Tulikubaliana na wenye shughuli kwamba tutakuwa jukwaani saa tatu usiku, naye akafika saa tano kasoro robo. Tulianza bila yeye kwa nyimbo mbili za zamani, ukumbi ukapoa, na mama wa bibi harusi akaja kwangu mbele ya wageni wake kuniuliza kama hawa ndio wapigaji aliowalipia. Katika shilingi 60,000 tulizopatana, familia ilizuia 15,000, na sikuwa na uso wa kuzidai. Wiki mbili baadaye, katika harusi ya Kisauni, hakuja kabisa na simu yake ilikuwa imezimwa. Asubuhi yake nilipata ujumbe wa maneno matatu: alipatwa na dharura.

Linalozidisha uzito ni kwamba ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Nikimtoa, habari itafika kwa mama mkwe kabla sijafika nyumbani. Nikimwacha, mpiga tabla wetu amesema wazi kwamba ataondoka, kwa kuwa yeye hufunga meza yake katika soko la Marikiti mapema kila siku ya mazoezi na huona anachezewa. Harusi tatu zinatungoja mwezi wa Disemba, na moja kati ya hizo wenyewe wametuchagua kwa ajili ya shemeji huyo, kwa kuwa alipiga katika harusi ya dada mkubwa wa bibi harusi na hawakumsahau.

Nimefikiria kumtoza faini, kumtafutia mwenzake, au kumwondoa kabisa. Nifanye lipi, na nilianze vipi?

Mzee wa Udi

Wa aleikum salaam mwanangu. Nimepiga udi zaidi ya miaka thelathini na mtu wa namna hii nimekaa naye jukwaa moja, kwa hivyo nitasema ninayoyajua.

Faini iache. Sisi tuliwahi kuiweka, shilingi mia mbili kwa kila nusu saa ya kuchelewa, na mwenzetu mmoja akawa anaingia mazoezini, anaweka mia nne mezani kabla ya kusalimia, kisha anakaa kwenye kiti chake akiwa ametulia kabisa. Kabla ya faini alikuwa na haya. Baada ya faini alijiona amelipa deni na hana wa kumuomba radhi. Wale waliokuwa wakifika mapema ndio walioumia zaidi, kwa sababu waliona heshima yao imepewa bei, na bei yenyewe ni ndogo.

Zungumza naye ana kwa ana, wewe na yeye peke yenu, mchana, siku ambayo hakuna harusi wala mazoezi. Usimseme katika kundi la WhatsApp, kwa kuwa hapo atajibu ili kujilinda mbele ya watu, na akishasema neno mbele ya watu wanane hataweza kulirudisha. Usimtumie mkeo kufikisha ujumbe. Dada akimsema ndugu yake kwa niaba ya mumewe, pametengenezwa kesi ya ukoo kutokana na jambo la kazi. Mwambie tangu mwanzo kwamba umekuja kama kiongozi wa kikundi, na kwamba habari za ushemeji mtazizungumza siku nyingine mkiwa mnakula.

Neno la pili ni juu yako wewe. Vikundi vingi vya Mombasa vya zama zetu vilibeba jina la kiongozi wake: Zein Musical Party kilikuwa cha Zein l'Abdin, na Maulidi Musical Party kilikuwa cha Maulidi Juma. Mwenye harusi alijua amepatana na nani, na wapigaji nao walijua jina la nani litachafuka wasipofika. Kikundi chako, kwa jinsi ulivyoeleza, kimemtegemea kijana huyu kiasi kwamba watu wanakodi kikundi ili wampate yeye. Katika taarab tuliyoikuta sisi mapigo yalikuwa mikononi mwa watu kadhaa, huyu na tabla, huyu na dumbaki, huyu na tashkota, huyu na kodiani, na mmoja akiugua wimbo ulipungua lakini haukufa. Ninyi mmeyatia yote ndani ya mashine moja ya mtu mmoja. Hilo hakulifanya yeye, mlimwachia ninyi. Kwa hivyo hata akitubu leo, fanyeni mazoezi ya siku moja kwa wiki bila kinanda, mpaka muwe na nyimbo sita mnazoweza kuzisimamia nusu ya usiku bila yeye.

Kumwondoa sasa, Disemba ikiwa mlangoni na huna mwingine, ni kujiadhibu mwenyewe.

Mpiga Gitaa wa Diani

Nakubaliana na Mzee kuhusu faini, lakini naona kuna swali ambalo halijaulizwa, nalo limo ndani ya maelezo ya ndugu kiongozi mwenyewe. Alikuwa mzuri tangu Mfunguo Mosi hadi mwezi wa sita, akaharibika kuanzia mwezi wa saba. Kwa mtu aliyepiga katika bendi za hoteli, kalenda hiyo inajieleza.

Mimi hupiga gitaa katika hoteli za pwani ya kusini, na kupiga hotelini ni njia ambayo bendi ya Them Mushrooms iliipita tangu miaka ya 1970 kabla ya kujulikana kwingine. Mwezi wa nne hadi wa sita, wakati wa masika, wageni hupungua sana, na baadhi ya hoteli hufunga kwa wiki kadhaa ili kufanya matengenezo. Wapigaji huachwa nyumbani. Wakati huo harusi za Mji wa Kale na Majengo ndizo zinazotulisha, na kila mmoja wetu huwa mtu wa mazoezi asiyekosa hata siku moja. Mwezi wa saba wageni hurudi, hoteli hutuita, na mshahara wa hoteli hauna tuzo wala shangwe lakini unakuja kila mwisho wa mwezi. Kuanzia hapo mtu mmoja anajikuta ameahidi usiku mmoja mahali pawili. Mwezi wa nane shule zimefungwa, harusi ni nyingi na hoteli zimejaa, na hapo ndipo wengi wetu tulipoharibu majina yetu. Ninasema hivi kwa uchungu, kwa kuwa nami niliwahi kumwacha bwana harusi wa watu bila mpigaji, na bado tukikutana njiani sina la kumwambia.

Ikiwa shemeji yako anavuka kutoka kusini, tia pia feri ya Likoni katika hesabu. Mwenda kwa miguu havushwi kwa pesa, lakini kuna kingine anacholipa. Hulipa muda, na muda wenyewe haujulikani. Nimewahi kuvuka kwa dakika kumi na tano, na nimewahi kusimama pale zaidi ya saa nzima nikiwa na gitaa mgongoni na ukumbi ukinisubiri upande wa pili. Mwenye kinanda ana mzigo mkubwa zaidi, wala si kila bodaboda atakubali kumbeba.

Tafadhali muulize mambo mawili kabla ya kumhukumu. La kwanza, je, ana kazi nyingine, na zamu zake ni zipi? La pili, na usikasirike kaka, wewe humlipa lini? Mpigaji anayelipwa usiku ule ule, ukumbini, kabla mitambo haijapakiwa, hukumbuka kikundi chake kwa namna tofauti na yule anayeambiwa asubiri mpaka familia imalize salio. Simtetei kwa kuzima simu. Hilo halina udhuru. Ila mtu huzima simu akiwa amekwisha ahidi zaidi ya uwezo wake na anaona aibu kusema.

Jihadhari pia na Disemba. Huo ndio mwezi hoteli zinapojaa kupita yote, na kama sababu ni hiyo ninayoidhani, mambo yatakuwa mazito kuliko ya mwezi wa nane.

Mama Aliyemwoza Binti, Tudor

Mimi si mwanamuziki. Nilimwoza binti yangu mwaka jana na kikundi kilichokuja kilikuwa na upungufu wa mpiga fidla, kwa hivyo nitasema upande wa mwenye shughuli.

Kilichoniudhi si kukosekana kwa fidla. Kiongozi wao aliniambia saa tatu na nusu, wageni wakiwa wameshaketi, ilhali yeye alikuwa anajua tangu saa sita mchana. Lau angenipigia simu mchana ule, ningemwambia asijali, aongeze mwimbaji mmoja, na yangekwisha. Mama yule wa Majengo alikuuliza lile swali kwa sababu aliona umemficha. Mwenye harusi ana wapishi, ana kupamba ukumbi, ana mawifi wanaomtazama kwa jicho la kupima, na kila aliyemwahidi neno ni nguzo mojawapo ya siku hiyo. Mpigie kabla hajaona mwenyewe. Na zile 15,000 mwanangu usizidai, lakini nenda ukamwombe radhi, hata kama umechelewa.

Mwimbaji na Mweka Hazina

Nimeimba katika vikundi viwili na katika cha pili ninatunza pesa kwa mwaka wa saba sasa. Nitazungumzia maandishi, maana naona wote mmezungumzia mioyo.

Katika kikundi chetu kila shughuli ina karatasi moja inayoandikwa siku arbuni, yaani malipo ya kwanza, inapopokelewa: tarehe, ukumbi, saa ya kupima sauti, saa ya kuanza, majina ya watakaopiga na mgao wa kila mmoja. Kila mpigaji hutia sahihi au hujibu kwa ujumbe kwamba amekubali, na ambaye hajajibu ndani ya siku tatu tunamhesabu kuwa hayupo, tunatafuta mwingine, bila kinyongo. Hili limetusaidia kuliko ukali wowote, kwa sababu wengi wa wanaotukwamisha si wakaidi. Ni watu wanaoona haya kusema "sitaweza" wakiulizwa kwa mdomo mbele ya wenzao. Karatasi inampa mtu nafasi ya kukataa mapema kwa heshima.

Mzee wangu ameikataa faini na ninamheshimu, lakini sisi tunafanya jambo lililo karibu nayo na halijatuharibia. Mgao wa mpigaji umegawanywa sehemu mbili, moja ya kuwepo wakati wa kupima sauti na moja ya usiku wenyewe. Akikosa kupima sauti hakosi adabu wala hatozwi; hiyo sehemu hakuifanyia kazi, na inakwenda kwa waliobeba spika. Naona tofauti ni kubwa. Faini huchukua cha mtu, ilhali hapa hapewi ambacho hakukifanyia kazi.

Ndugu wa Diani, nakubali habari ya misimu, ila nisingependa tuigeuze kuwa kinga. Mpiga tabla naye ana meza Marikiti, ana watoto, na anafika. Tukimhurumia aliyekosekana mpaka tukamsahau aliyefika, tutampoteza yule wa pili, na yeye ndiye asiyepiga kelele.

Kuhusu sheria, ni vyema ujue unaposimama. Mapatano ya mdomo pamoja na jumbe za simu na risiti ya M-Pesa ni mapatano, na familia imepatana nawe, si na shemeji yako. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, husikiliza madai ya hadi shilingi milioni moja, yakiwemo ya huduma zilizolipiwa zisitolewe, wala mdai halazimiki kuwa na wakili. Sisemi hili ili umshitaki mtu wa nyumbani mwako; hilo lisifikirike. Ninalisema kwa sababu familia yenye hasira inaweza kukufuata wewe, nawe hutakuwa na karatasi ya kuonyesha nani alikubali nini. Andikeni pia katiba ya kikundi, na katika kuiandika mtajikuta mnajibu swali hili hili: mtu akikosa mara ngapi hatua gani inachukuliwa, na nani anaamua. Likiamuliwa na katiba, mama mkwe hatakuwa na neno nawe.

La mwisho ni la haraka. Midundo ile inakiliwe kwenye flashi wiki hii, kwa ridhaa yake. Kazi ni yake na jina lake litajwe, lakini kikundi hakiwezi kuishi ndani ya kifaa ambacho usiku mwingine kiko Ukunda, huko pwani ya kusini.

Kiongozi wa Kikundi, Kibokoni

Nawashukuru nyote, na ninarudi na habari. Jumamosi alasiri nilikaa naye katika bustani ya Mama Ngina, kwenye ukuta unaotazama bahari, mahali ambapo feri zinaonekana zikivuka, na nikaanza kama alivyonielekeza Mzee, kwamba nimekuja kama kiongozi.

Ndugu wa Diani alikuwa sahihi. Tangu mwezi wa saba hoteli imemchukua kwa siku tano kwa wiki, kuanzia saa moja hadi saa tatu usiku, na usiku wa harusi ya Majengo alitoka huko saa tatu na dakika kumi akiamini atakuwa ukumbini kabla ya saa nne. Usiku wa Kisauni hoteli ilimwongezea saa mbili bila kumwuliza, akaona hawezi kufika wala hawezi kusema, akazima simu. Nilimwuliza kwa nini hakunieleza tangu mwanzo. Alinyamaza sana, kisha akasema aliogopa kwamba nikijua nitachukua mpigaji mwingine, na mwezi wa nne ujao hoteli ikimwacha atakuwa hana pa kurudi.

Kisha akaniambia jambo ambalo ni haki niliandike hapa, kwa kuwa nimeyaandika ya kwake. Katika harusi tatu mfululizo nilimlipa baada ya siku nane, kumi, kisha tisa. Wengine niliwalipa usiku ule ule. Yeye nilimchelewesha kwa sababu ni wa nyumbani, nikidhani ataelewa. Sikuwahi kuliona kama kosa mpaka nilipolisikia kwa sauti yake.

Tumekubaliana hivi. Kwa Disemba hoteli itampa usiku mmoja tu, nao atautumia kwa ile harusi iliyomtaka yeye. Kwa mbili zilizobaki atakuja kijana anayejifunza kwake, ambaye atakaa naye kila Jumapili kuanzia wiki hii, na midundo itanakiliwa kwenye flashi. Familia zile mbili nimezipigia simu zote. Moja imekubali bila tatizo. Nyingine imetaka kwanza ije kumsikia kijana mazoezini, na nimewakaribisha Alhamisi. Kuanzia sasa kila mtu atalipwa ukumbini, shemeji akiwemo. Kwa yule mama wa Majengo nilikwenda jana. Alinipokea mlangoni, hakunikaribisha ndani, lakini alinisikiliza.

Mpiga tabla bado hajasema kama anabaki. Nimemweleza yote, pamoja na la malipo, naye amesema atapiga Disemba kisha ataniambia.

Mpiga Gitaa wa Diani

Kaka, kabla ya Jumapili nijibu jambo moja. Je, kinanda cha kijana ni cha kampuni moja na cha shemeji yako? Midundo iliyotengenezwa kwenye kinanda cha kampuni moja kwa kawaida haifunguki kwenye cha kampuni nyingine, na hata vikiwa vya kampuni moja, cha zamani huenda kisisome cha kipya, au kikasoma huku sauti za ngoma zimebadilika. Nimeona mtu akigundua hilo saa mbili usiku, flashi mkononi, maikrofoni zikiwa zimeshawashwa.

Kiongozi wa Kikundi, Kibokoni

Si cha kampuni moja. Nimempigia sasa hivi, na amesema kwa harusi hizo mbili atampa kijana kinanda chake mwenyewe, kwa kuwa hotelini kuna cha hoteli. Asubuhi ya kila harusi mimi nitavuka kwenda kukichukua, ili kisingoje feri ya jioni.

Mzee wa Udi

Vyema. Kifunike vizuri, hewa ya chumvi pale kivukoni haifai kwa mashine. Na ile siku ya mazoezi bila kinanda msiiache.